Ulimwengu una mwisho au hauna? Na "nje" ni nje ya nini? (Tuje na vipimo)

Darubini_Nakuru

Wadau, swali hili huzuka kila mara na kufa kwa namna ile ile. Mmoja anasema ulimwengu hauna mwisho, mwingine anauliza "haya, nje yake kuna nini?", kisha hoja inageuka kuwa kelele. Naomba safari hii tulishike vizuri.

Anayesema una mwisho ataje umbali. Anayesema hauna mwisho ataje kipimo kilichomwonyesha hivyo. Anayeuliza juu ya "nje" aseme nje ya nini, kwa sababu nje ya sehemu tunayoiona ni jambo moja, na nje ya anga yenyewe ni jambo lingine kabisa.

Msimamo wangu nauweka mezani ukosolewe: vipimo vilivyopo vinaturuhusu kusema ulimwengu ni mkubwa kuliko kiasi fulani. Haviruhusu kusema hauna mwisho. Wengi huruka kutoka hapo hadi pale bila kuona shimo lililo katikati.

---

Mwl_Maseno

Nianze na nambari. Umri wa ulimwengu ni miaka bilioni 13.8. Umbali hadi ukingo wa sehemu inayoonekana ni miaka ya nuru bilioni 46 kila upande, yaani kipenyo cha kama bilioni 93. Mwanafunzi makini atauliza papo hapo: ikiwa nuru imesafiri miaka bilioni 13.8 tu, hiyo 46 imetoka wapi?

Imetokana na kutanuka. Nuru ikiwa njiani, anga ambayo imeshaivuka inaendelea kutanuka nyuma yake. Mahali ilipotoka pamesogezwa mbali sana kufikia leo. Mfano ulio wazi ni galaksi ya JADES-GS-z14-0 iliyopimwa na darubini ya James Webb: nuru yake ilitoka ulimwengu ukiwa na umri wa kama miaka milioni 300. Imesafiri miaka bilioni 13.5, lakini galaksi hiyo leo iko umbali wa kama miaka ya nuru bilioni 34.

Darasani jambo hili linaonyeshwa kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Kata utepe wa sentimita 30, upana nusu sentimita, na uwe sawa toka mwanzo hadi mwisho. Tia alama ya kalamu kila sentimita 2. Shikilia ncha moja kwenye sufuri ya rula ya mita, vuta ncha ya pili hadi ifike 60. Alama iliyokuwa kwenye 2 sasa iko 4, imesogea 2. Iliyokuwa kwenye 10 iko 20, imesogea 10. Muda ni mmoja, kwa hiyo ya mbali imekimbia mara tano zaidi. Huo ndio uhusiano ambao Lemaître aliueleza mwaka 1927 na Hubble akauonyesha kwa vipimo mwaka 1929. Kisha tafuta alama yoyote ya katikati, hesabu umbali kutoka hapo: utaona alama za pande zote mbili zinaikimbia kwa kanuni ile ile. Hakuna alama iliyo kitovu.

Kosa linaloharibu zoezi hili ni kukata utepe usio sawa. Palipo pembamba panavutika zaidi, nambari zinapotoka, na wanafunzi wanaondoka wakidhani kanuni ndiyo mbovu.

Kasi yenyewe ni kama kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki 1, yaani kila miaka ya nuru milioni 3.26. Vipimo vya nuru ya kale (mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga) vinatoa 67.4, vya nyota za Sefeidi (zinazopanda na kushuka mwangaza kwa mpigo) na supanova (nyota zinazolipuka) vinatoa 73, na tofauti hiyo haijapatiwa ufumbuzi.

---

Ziwa_Kuu

Ahsante Mwalimu. Kuhusu "ukingo wa sehemu inayoonekana", mfano wa ziwani unafaa sana huku kwetu.

Chukua mvuvi aliyetoka Mfangano akielekea magharibi hadi nchi kavu ikapotea. Macho yake yakiwa mita 1.7 juu ya maji, upeo wake ni kama kilomita 4.7. Anaona duara la maji, yeye katikati. Mbele yake bado kuna zaidi ya kilomita 100 za ziwa. Mwenzake aliye kilomita 20 kutoka hapo naye ana duara lake na yeye ndiye katikati. Maduara hayo mawili hayagusani kabisa, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema ziwa linaishia pale macho yake yanapoishia.

Kwa hiyo swali la "nje ya sehemu tunayoiona kuna nini" lina jibu la kawaida: maji zaidi. Galaksi zaidi, hidrojeni zaidi, sheria zile zile.

---

Hesabu_Kakamega

Ndugu Ziwa, mfano wako ni mzuri ila una mpaka ambao tuutaje, la sivyo utatupoteza baadaye. Upeo wa mvuvi unaletwa na umbo la dunia. Akipanda mlingoti wa mita 10 ataona hadi kilomita 11. Upeo wa ulimwengu unaletwa na muda: nuru ya mbali zaidi haijafika. Hakuna mlingoti wa kupanda.

Tena pale juu kuna mipaka mitatu, na watu huichanganya kila siku:

Wa kwanza ni miaka ya nuru bilioni 14 hivi. Gawanya kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa 70. Unapata megaparseki 4,286. Zaidi ya hapo galaksi zinatukimbia kupita kasi ya nuru. Einstein hajavunjwa, maana katazo lake ni kwa kitu kinachopita ndani ya anga, si kwa anga inayotanuka kati ya vitu viwili. Wala mpaka huu si ukuta: tunaziona galaksi nyingi zilizo nje yake.

Wa pili ni kama bilioni 16 hadi 17. Galaksi iliyo mbali kuliko hapo, nuru inayoitoa leo haitatufikia kamwe, hata tungoje milele, kwa sababu nishati ya giza (jina la kitu ambacho asili yake haijajulikana) inaharakisha kutanuka. Tunachokiona kwake ni nuru ya zamani tu.

Wa tatu ndio ile 46.

---

Chai_na_Nyota

Naomba kuuliza. Je, giza la usiku si ushahidi tosha kwamba ulimwengu una mwisho? Kama nyota zingekuwa hazina idadi, kila unapoelekeza jicho ungekutana na uso wa nyota, na mbingu yote ingewaka kama Jua.

---

Mwl_Maseno

Hoja hiyo ni ya zamani na ina nguvu. Kepler aliigusa mwaka 1610 na Olbers akaiandika mwaka 1823, ndiyo maana inaitwa kwa jina lake. Lakini angalia inavunja nini. Inavunja ulimwengu wenye sifa tatu kwa pamoja: usio na mwisho, wa tangu milele, na uliotulia bila kutanuka. Ondoa moja tu na giza linarudi. Ulimwengu wetu una umri, kwa hiyo nuru ya nyota za mbali sana haijapata muda wa kufika. Tena unatanuka, kwa hiyo nuru ya mbali inadhoofika. Giza la usiku linatuambia umri. Ukubwa haliusemi.

Jambo moja la kupendeza: mbingu yote kweli inang'aa, ila kwa mawimbi ambayo jicho haliyaoni. Fundi_Dishi ataeleza vizuri kuliko mimi.

---

Hesabu_Kakamega

Kabla ya Fundi, naleta zoezi ambalo kwangu ndilo moyo wa uzi huu. Tunataka kujua kama anga imejipinda, bila kutoka nje yake kuiangalia. Dawa ni pembetatu. Kwenye bapa, pembe tatu zinajumlisha digrii 180. Kwenye uso uliojipinda kama mpira zinazidi. Kwenye uso uliojipinda kama tandiko la punda zinapungua.

Chukua mpira wa miguu namba 5. Mzingo wake ni sentimita 69 hivi, nusu kipenyo 11. Uzi wa kushonea, pini tatu au gundi ya karatasi, na protrakta ya plastiki laini uliyoikata iwe ndogo.

Chora pembetatu yenye pande za sentimita 17.3, ambayo ni robo ya mzingo. Kila pembe itakuwa digrii 90. Jumla 270. Hakuna anayehitaji kushawishiwa tena.

Sasa punguza. Pande za sentimita 10: jumla ni kama 203. Pande za 5: kama 185. Pande za 2: digrii 180.8.

Hapo ndipo protrakta inashindwa. Protrakta ya shule haitofautishi 180.8 na 180. Chungu (sisimizi) anayeishi ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 2 kwenye mpira huo, akiwa na vifaa hivyo, ataapa kwamba dunia yake ni bapa.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, uzi kuteleza pembeni: uvute ukaze, utulie kwenye njia fupi kabisa kati ya pini, vinginevyo umepima mstari uliopinda wewe mwenyewe. La pili, mpira usiojaa upepo: unabonyea chini ya kidole na pembe zinadanganya.

---

Darubini_Nakuru

Ndugu Hesabu, hilo ndilo lililofanywa juu mbinguni, na hatua zake zinaweza kuandikwa kwa penseli.

Pembetatu ya ulimwengu ina ncha moja kwetu na ncha mbili kwenye ile nuru ya kale, iliyotoka ulimwengu ukiwa na miaka 380,000. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa supu ya moto ambayo mawimbi ya sauti yalipita ndani yake. Umbali ambao sauti iliweza kufika kabla supu haijapoa unajulikana kwa fizikia: ukiutanua hadi vipimo vya leo ni kama miaka ya nuru milioni 470. Huo ndio upande mfupi. Upande mrefu, kutoka kwetu hadi pale, ni miaka ya nuru bilioni 45.3, yaani milioni 45,300.

470 gawanya kwa 45,300 ni 0.0104. Zidisha kwa 57.3 upate digrii: 0.6. Pana kidogo kuliko Mwezi mpevu, ambao ni digrii 0.5.

Hiyo 0.6 ni ikiwa anga ni bapa. Ingekuwa imejipinda kama mpira, alama za mawimbi hayo, yaani madoa ya joto na baridi kwenye nuru ya kale, zingeonekana kubwa zaidi. Kama tandiko, ndogo zaidi. Puto la BOOMERanG lililozunguka juu ya Antaktika mwishoni mwa 1998 lilipima na kukuta ubapa, matokeo yakatoka mwaka 2000. Setilaiti za WMAP na Planck zikaja kunoa kipimo hicho.

---

Fundi_Dishi_Kisumu

Nimeitwa, nimekuja.

Nuru hiyo ya kale leo inatufikia kama mnururisho wa mikrowevu, nao uligunduliwa mwaka 1964 na Penzias na Wilson huko Holmdel, New Jersey, kwa antena yenye umbo la pembe, kwenye mawimbi ya sentimita 7.35. Hiyo ni kama gigahezi 4.08, ndani ya bendi ya C, ile ile ya madishi makubwa ya televisheni ya setilaiti tuliyoyazoea. Kwa hiyo swali la haki ni: dishi la futi nane lililoachwa nyuma ya nyumba linaweza kuupima?

Linaupokea, ndiyo. Kuupima ndiko kugumu, na sababu ziko wazi. Mnururisho una joto la Kelvini 2.725 (Kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia baridi kamili, na kelele za redio nazo huhesabiwa kwa kipimo hicho). LNB (kile kipokezi kilicho mbele ya dishi) nzuri ya bendi ya C yenyewe inaleta kelele ya Kelvini 15 hadi 20. Hewa iliyo juu yako, dishi likitazama utosini, inaongeza mbili na kitu. Ardhi inawaka kwa karibu 300, na kila inachokipenyeza kupitia kingo za dishi kinaingia kwenye hesabu. Unatafuta shilingi mbili na senti ndani ya gunia la noti.

Njia ni kulinganisha. Unaiziba LNB kwa kipande cha povu jeusi la kufyonza mawimbi, lenye joto la chumba, unasoma nguvu. Unaiondoa, unaelekeza angani, unasoma tena. Uwiano wa masomo hayo unakupa jumla ya kelele zote. Ili kuchomoa 2.7 unahitaji kifyonzaji cha pili kilicho baridi sana, kwa mfano kilichozamishwa ndani ya naitrojeni oevu ya Kelvini 77. Penzias na Wilson walitumia heliamu oevu. Kinachoua jaribio mara nyingi ni ukuzaji wa LNB kubadilika kadiri inavyopata joto: ukibadilika asilimia 1 tu wakati unatazama kifyonzaji cha Kelvini 300, umekosea kwa Kelvini 3, kosa kubwa kuliko kitu chenyewe unachokitafuta. Acha kifaa kiwake saa nzima kabla ya kusoma, na usome zamu kwa zamu haraka haraka.

Wale mabwana walisafisha hata kinyesi cha njiwa ndani ya antena wakidhani ndicho chanzo. Kelele ikabaki, usiku na mchana, majira yote, kila upande wa mbingu. Walipokea Nobeli mwaka 1978.

Angalieni hesabu inavyokaa: supu ilipoa ikiwa karibu Kelvini 3,000, na anga imetanuka mara 1,090 tangu hapo. 3,000 kwa 1,090 ni 2.75. Inanifurahisha kila ninapoirudia.

---

Hesabu_Kakamega

Sasa tuunganishe. Planck ikichanganywa na ramani za galaksi inatoa mpindo wa anga wa 0.0007, kosa la kujumlisha au kutoa 0.0019. Sufuri ni ubapa kamili. Kwa maneno mengine, hatujaona mpindo.

Lakini "hatujaona" ina ukubwa. Kwa desturi ya hesabu hizi, ulimwengu wa umbo la mpira hutoa nambari hasi. Tukiruhusu makosa mara mbili upande huo, tunafika -0.0031. Kipeuo cha pili cha 0.0031 ni 0.0557. Umbali wa msingi, ule ule wa mpaka wa kwanza pale juu ila kwa kasi ya kutanuka ya karibu 68, ni miaka ya nuru bilioni 14.4. Gawanya: nusu kipenyo cha mpindo ni kama bilioni 259, na mzingo mzima ni kama bilioni 1,600. Ulimwengu wenye mwisho wa ukubwa huo unakubaliana na vipimo vyote tulivyo navyo.

Na sehemu tunayoiona? 46 kwa 259 ni 0.178. Zidisha kwa sentimita 11 za mpira wetu: unapata sentimita 2. Yaani hali yetu inaweza kuwa ile ile ya chungu wa pale juu, na si kwa kufananisha tu. Uwiano ni huo huo.

---

Bungoma_Usiku

Kuna makala ya mwaka 2019 ya Di Valentino na wenzake iliyodai data ya Planck peke yake inaelekea ulimwengu uliojifunga, mpindo wa kama -0.04. Mbona hamuitaji?

---

Darubini_Nakuru

Ni haki itajwe. Data ya Planck peke yake ina tabia moja: nuru ya kale inaonekana kupindishwa na mata (vitu vyote vyenye uzito) iliyo njiani zaidi kidogo ya inavyotarajiwa, na ulimwengu uliojifunga ungeeleza ziada hiyo. Tatizo ni kwamba ukikubali -0.04, kasi ya kutanuka inashuka hadi karibu 54, mbali na kipimo chochote kingine, na ramani za galaksi zinakataa. Ukiziongeza, nambari inarudi kwenye ubapa. Waandishi walisema huo ni mgongano unaohitaji kuelezwa, nami nakubaliana nao kiasi hicho. Kuuita ushahidi wa mwisho wa ulimwengu ni kuuvuta kupita unapofika.

---

Hesabu_Kakamega

Kuna kosa lingine kubwa zaidi nalo liko hata vitabuni: "bapa, kwa hiyo hauna mwisho". Si kweli.

Chora pembetatu kwenye karatasi ya manila. Pima: 180. Sasa kunja karatasi iwe bomba, gundisha kingo. Pima tena: bado 180, kwa sababu kukunja hakujaivuta karatasi wala kuisinyaza popote. Lakini chungu akitembea kuzunguka bomba anarudi alikoanza. Bapa kwa kipimo, ila ina kiasi. Kumbuka mchezo wa nyoka kwenye simu za vitufe, ule ambao nyoka akitoka kulia anaingia kushoto, akitoka juu anaingia chini. Skrini ile ni bapa, ina eneo linalohesabika, na haina ukingo hata mmoja. Ongeza upande wa tatu na una ulimwengu unaowezekana.

Hili linapimika pia. Kama njia ya kuzunguka ingekuwa fupi kuliko sehemu tunayoiona, nuru ya kale ingetufikia kwa njia mbili, na mbinguni kungekuwa na maduara pacha: duara moja upande huu na jingine kule, yenye mfuatano ule ule wa madoa ya joto na baridi. Kundi la Cornish, Spergel na Starkman lilitafuta kwenye data ya WMAP mwaka 2004, likakosa, na kuondoa maumbo mengi yenye njia fupi kuliko miaka ya nuru bilioni 78. Planck nayo ilikosa. Ila maumbo yenye msokoto, yale ambayo ukirudi unarudi umegeuzwa, hayajafungwa yote.

---

Ziwa_Kuu

Hapo naona jibu la swali la Archytas wa Tarentum, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Aliuliza: nikisimama ukingoni mwa ulimwengu, naweza kunyoosha fimbo yangu nje au siwezi? Nikiweza, kuna nafasi nje. Nisipoweza, kuna kitu kinachozuia. Kwa hiyo akaona hakuna mwisho.

Hoja hiyo inasimama juu ya dhana kwamba chenye kiasi lazima kiwe na ukingo. Kiswahili chetu kinatusaidia kutenganisha: ukomo wa kiasi na ukingo wa mahali ni vitu viwili. Uso wa mpira una kiasi, hauna ukingo. Fimbo ya Archytas ingenyooka tu, na kama ni ndefu vya kutosha ingemgonga kisogoni.

---

Bungoma_Usiku

Vizuri, lakini mnakwepa swali la mwananchi. Mpira una nje: ni hewa iliyouzunguka. Bomba la karatasi lina nje: ni meza. Ulimwengu je?

---

Mwl_Maseno

Hilo ndilo linalowakwaza wengi, na kosa ni letu walimu kwa kutumia mpira na puto bila kuonya. Mpira ni uso wa pande mbili tulioutia ndani ya chumba cha pande tatu ili macho yauone. Chumba ni msaada wa macho. Pembetatu ya Hesabu ilipimwa kwa uzi na protrakta juu ya uso wenyewe. Haikuhitaji chumba popote. Jiometri ya Riemann, ambayo Einstein aliitumia, inaeleza mpindo kwa vipimo vya ndani peke yake.

Kwa hiyo "nje" ina maana tatu, na nitajibu mbili. Nje ya sehemu inayoonekana: galaksi zaidi, na hili ni la kutegemewa sana, kwa kuwa nuru ya kale inafanana pande zote, tofauti ikiwa kama sehemu moja kati ya 100,000 tu, na hakuna dalili ya mambo kubadilika ukaribiapo upeo. Nje ya anga nzima: neno "nje" linahitaji mahali, na mahali ni anga. Fizikia iliyopo haihitaji kitu hapo wala utupu hapo. Maana ya tatu nakuachia wewe, maana naona unaielekea.

---

Bungoma_Usiku

Ndiyo, ni kupanuka kwa ghafla, wazo alilolitoa Alan Guth mwaka 1981. Katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza, anga ilitanuka angalau mara 10 kwa kipeo cha 26 (yaani 1 ikifuatwa na sufuri 26). Wazo hilo linaeleza kwa nini tunaona ubapa: hata kilichojipinda kikivutwa kiasi hicho kinaonekana bapa. Na katika aina nyingi za nadharia hiyo, mwanafizikia Andrei Linde akiwa miongoni mwa waliozijenga, kupanuka hakukomi kila mahali kwa pamoja. Panapokoma panakuwa kiputo, ulimwengu kama wetu, kwingine kunaendelea. Basi nje kuna viputo vingine.

Watu wametafuta alama za viputo kugongana, madoa ya duara kwenye nuru ya kale. Doa la baridi lililo upande wa kundinyota la Eridanus lilipendekezwa, lakini mwaka 2015 lilipatikana eneo kubwa lenye galaksi chache upande huo huo ambalo linaweza kueleza sehemu ya baridi hiyo. Kisha kulikuwa na dai la mwaka 2008 kwamba makundi ya galaksi yanavutwa upande mmoja na kitu kilicho nje ya upeo. Planck ilipima mwaka 2013, haikuona.

---

Fundi_Dishi_Kisumu

Na usisahau Machi 2014. Kundi la BICEP2 kule Ncha ya Kusini lilitangaza limeona alama ya kupanuka kwa ghafla. Sehemu kubwa ya ile alama ikaja kuwa vumbi la galaksi yetu, Njia Nyeupe. Walipima kwa masafa mamoja tu, gigahezi 150, na kwa masafa mamoja huwezi kutenganisha vumbi na nuru ya kale. Planck ilikuwa na gigahezi 353, ambako vumbi linang'aa zaidi, ndipo ukweli ukatoka. Fundi yeyote anajua: ishara moja kwenye chaneli moja si ishara bado.

---

Chai_na_Nyota

Kama hauna mwisho, basi Mlipuko Mkuu ulitoka vipi kwenye nukta moja? Kitu chenye nukta kinawezaje kufika kutokuwa na mwisho ndani ya miaka bilioni 13.8?

---

Hesabu_Kakamega

Hakiwezi, na hakuna anayedai hivyo. Kilichokuwa kidogo ni sehemu tunayoiona leo. Nuru ya kale ilipotoka, sehemu hiyo ilikuwa na nusu kipenyo cha miaka ya nuru kama milioni 42: gawanya bilioni 45.3 kwa 1,090. Kama ulimwengu mzima hauna mwisho leo, haukuwa na mwisho hata siku hiyo. Ulikuwa umesongamana tu, kila mahali kwa pamoja. Utepe wa Mwalimu uwe mrefu bila mwisho, ukiurudisha hadi nusu bado hauna mwisho, alama zimekaribiana tu.

---

Darubini_Nakuru

Kwa wanaotaka kuona hatua za kwanza za umbali huu kwa macho yao: tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mbingu za kaskazini na kusini zote ni zetu. Tumieni darubini ya macho mawili ya 10x50. Andromeda, miaka ya nuru milioni 2.5, inapita kaskazini kwa urefu wa kama digrii 49 mnamo saa mbili na nusu usiku mwanzoni mwa Desemba. Wingu Kubwa la Magellan, miaka ya nuru 160,000, liko kusini kwa digrii 21 hivi saa nne usiku katikati ya Januari. Ziwa huleta mawingu ya usiku upande wa Kisumu. Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo afadhali. Mwezi usiwepo, na mpe jicho dakika 20 gizani bila kugusa simu.

---

Chai_na_Nyota

Swali la mwisho kwa Hesabu. Tukiboresha protrakta, yaani darubini bora zaidi, si tutajua siku moja kama mpira umejipinda?

---

Hesabu_Kakamega

Ikiwa mpindo ni mkubwa vya kutosha, ndiyo. Kwenye mpira wa tenisi wenye nusu kipenyo cha sentimita 3.3, pembetatu ya sentimita 2 inatoa 189.5, na protrakta ya shule inaona. Vipimo vijavyo vinaweza kutusogeza hadi mpindo wa 0.001, yaani nusu kipenyo cha miaka ya nuru bilioni 455.

Lakini kuna mahali protrakta haisaidii tena. Anga yenyewe si laini. Mata imejikusanya huku na kutawanyika kule, na matuta hayo yanapinda nuru kwa kiasi chake. Mpindo wa ulimwengu mzima ukiwa chini ya karibu 0.0001 hautofautishwi na matuta hayo. Hapo nusu kipenyo ni bilioni 1,440, na kwenye mpira wetu wa miguu sehemu tunayoiona inakuwa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 3.5.